Fimbo ya kichocho tunayo shuleni, tuongeze na kamba ya kiuno

Siku ya kingatiba, yaani siku ya kuwagawia watoto wote dawa ya kichocho, ukifika shuleni asubuhi unakuta foleni mbili, ya uji na ya fimbo. Uji unatangulia kwa sababu vidonge vya kichocho ukivinywa na tumbo tupu vinakuzungusha kichwa na kukutapisha, mtoto akimaliza kikombe chake anavua viatu anaenda kusimama kwenye fimbo ndefu yenye mistari na namba, mwalimu anaangalia kichwa kimegota wapi anataja idadi ya vidonge. Kuanzia sentimita 94 mpaka 110 ni kimoja, 110 mpaka 125 kimoja na nusu, unapanda hivyo hivyo mpaka aliyepita 178 ambaye anapata vitano. Mzani haupo kabisa. Wataalamu walishaona zamani kwamba mzani ni ghali na unaharibika na kuubeba shule kwa shule ni mtihani, na kwamba kwa dawa hii urefu wa mtoto unakaribiana na uzito wake kiasi cha kutosha, basi wakachora mistari kwenye fimbo kazi ikaisha. Mtoto mmoja hamalizi hata sekunde 15.

Mwaka jana nilikuwa nagawa uji kwenye zoezi hilo, shule moja ya msingi huku Ilemela, Mwanza, karibu kabisa na ziwa, mpwa wangu anasoma hapo darasa la 3. Zamu yake ilipofika sauti ikatoka nyuma kwenye foleni, "Bonge apewe kumi!", darasa zima likacheka, mwalimu akawanyamazisha lakini lilishatoka. Mtoto akainamisha kichwa. Mwalimu akamwambia inua kidevu baba, akasoma 128, viwili, next. Ila mimi pale alipoinama niliona shingo yake kwa nyuma, nyeusi kuliko ngozi yake yote, imekuwa nene kama kitambaa cha mahameli, ina mikunjo mikunjo. Na ile shingo nilikuwa naijua, maana dada yangu kila Jumamosi alikuwa anaisugua na dodoki na sabuni ya mche mpaka mtoto analia, anamwambia wewe hujui kuoga.

Haikuwa uchafu. Tulikuja kuelezwa baadae kituo cha afya kwamba ngozi ikiwa vile shingoni au kwapani kwa mtoto mnene mara nyingi ni mwili unasema kuna shida ya insulini, yaani seli zimeanza kuwa sugu hazisikii insulini vizuri, kongosho linalazimika kuimwaga nyingi zaidi ili sukari iingie ndani, na ile insulini iliyozidi inachochea ngozi ikue na kuwa nyeusi. Sukari yenyewe kwenye damu inaweza kuwa bado iko sawa wakati huo. Ni hatua ya mwanzo kabisa, ambapo bado unaweza kugeuza gari. Sasa mimi swali langu tangu siku ile ni hili, mtoto amepita mbele ya walimu, amepita mbele ya mhudumu wa afya, amepimwa urefu bila viatu kwa fimbo iliyonyooka, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kazi ya kuuliza kitu kingine zaidi ya kichocho. Wala siwalaumu, hawakutumwa hilo. Ninachosema ni kwamba nusu ya kazi ya kuwagundua watoto walioanza kuzidi unene ilishafanyika pale pale kwenye foleni, iliyobaki ni kamba ya kiuno.

Angalia jinsi tunavyowapima watoto wetu. Akizaliwa anapewa kadi ya kliniki, kila mwezi anapandishwa kwenye mzani wa kuning'inia, nesi anaweka nukta kwenye mchoro, mama anaangalia mstari unapanda au umelala. Juni na Desemba kuna Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto, matone ya vitamini A, dawa ya minyoo, na ule utepe wa mkono wenye rangi, chini ya sentimita 11.5 nyekundu, 11.5 mpaka 12.5 njano, juu ya hapo kijani. Vijijini kuna SALIKI, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, kila robo mwaka. Yote hayo mazuri na yameokoa watoto wengi. Lakini karibu yote yanaangalia upande mmoja, amekonda au hajakonda, na mtoto akifika miaka 5 kadi inaingia kwenye droo na hakuna anayempima tena mpaka akiugua au akienda jeshi.

Na upande huo mmoja tunauangalia kwa sababu ya msingi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, huku wenye uzito uliozidi wakiwa kama asilimia 4 tu, kwa hiyo mtu yeyote akija kuniambia tuache utepe wa mkono tukimbilie vitambi nitampinga mchana kweupe. Ila ile 4 ni ya wadogo, na maisha ya mtoto wa mjini yanabadilika sana akishaanza shule, anapata hela ya kula, anapakiwa kwenye gari la shule asubuhi anarudishwa jioni, kiwanja cha mpira kimeshajengwa fremu za maduka. Kwa dunia nzima Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye uzito uliozidi walikuwa zaidi ya milioni 390, na ndani yao milioni 160 walikuwa na kiribatumbo kabisa, yaani unene wa kupindukia. Sisi tuko nyuma kwenye huo mstari lakini tuko kwenye mstari.

Kuna jambo ambalo watu wa ukanda huu wa ziwa tunalijua bila kuambiana. Sisi tunaogopa wembamba. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitangazwa mwaka 1983 Kagera hapo ng'ambo yetu, watu wakauita Juliana, Uganda wakauita slim kwa sababu ulikuwa unamyeyusha mtu akabaki mifupa. Familia nyingi za Bukoba, Mwanza, Musoma zimezika. Mtu aliyekulia kwenye hofu ile, leo ana mtoto mwenye mashavu na mapaja yamejaa, unamwambiaje kwamba huyu mtoto tumuangalie? Kwake huyo mtoto amenawiri, ndo ushahidi kwamba nyumba iko salama na wenyewe wanakula. Bibi yangu mpaka anafariki alikuwa akimuona mjukuu mwembamba anauliza kwa sauti ya chini, "huyu mmempima?", na wote tulijua anamaanisha kupima nini. Kwa hiyo mtaalamu anayekuja na maneno ya unene bila kujua hilo atasikilizwa kwa adabu, ataitikiwa ndiyo daktari, halafu mtoto anaongezewa ugali.

Sasa twende kwenye vipimo vyenyewe maana hapa ndo watu wengi wanapotea, na sisi tulipotea.

Kipimo kinachojulikana ni BMI, unachukua kilo unagawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Hesabu hiyo ilianzia kwa Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa miaka ya 1830, mtu wa hesabu na nyota, alikuwa anatafuta sura ya mtu wa wastani kwenye jamii, hakuwa na mgonjwa mbele yake wala mtoto. Jina la BMI lilikuja mwaka 1972 kutoka kwa Ancel Keys wa Marekani. Kwa mtu mzima mipaka ni rahisi, 18.5 mpaka chini ya 25 uko sawa, 30 kwenda juu ni kiribatumbo. Mtoto hana mpaka mmoja. Anazaliwa, anajaa mpaka karibu mwaka mmoja, halafu anaanza kupungua mwili taratibu mpaka miaka 5 au 6 hivi, halafu anaanza kujaa tena kuelekea balehe. Kwa hiyo namba ile ile inaweza kuwa nzuri kwa mmoja na mbaya kwa mwingine, lazima uisome kwa umri na kwa jinsia kwenye jedwali la Shirika la Afya, lile la mwaka 2006 kwa walio chini ya miaka 5 na lile la 2007 kwa miaka 5 hadi 19.

Dada yangu hakuwa mzembe, alishampima. Zile mashine za mtaani zinazoongea, unasimama unaambiwa urefu, uzito na hali yako halafu unapewa kikaratasi, alimpandisha mwanae stendi wakiwa wanasubiri gari. Kikaratasi kiliandika sentimita 128, kilo 33, BMI 20.1, uzito wako ni mzuri. Alikitunza kwenye pochi, ukimwambia mtoto anazidi anakitoa. Na hesabu haina kosa hata kidogo, 33 gawanya kwa 1.28 mara 1.28 unapata 20.1 kweli. Kosa ni kwamba mashine imemsoma mtoto wa miaka 8 kama mtu mzima. Kwa mtu mzima 20.1 ni mwili mzuri kabisa, mtu angeitamani. Kwa mvulana wa miaka 8 jedwali linasema katikati ni 15.7, uzito uliozidi unaanzia 17.4, na kiribatumbo kinaanzia 19.7. Yaani karatasi iliyosema mzuri ilikuwa imebeba namba ya hatari, na mama mtu mwenye nia njema aliishika kama cheti. Naomba sana wenye zile mashine, kama haina sehemu ya kuingiza umri basi mtoto mwambie urefu na kilo zake tu, usimpe hukumu.

Na hiyo safari ya kupungua mwili kati ya mwaka 1 na 6 ina madhara yake mengine ambayo naona hayasemwi. Mtoto wa miaka 4 mbavu zinaonekana, miguu mirefu, anacheza siku nzima, hali sana. Hiyo ni kawaida ya umri wake, mwili unajinyoosha. Mama anashtuka, majirani wanasema mwanao kanyong'onyea, anakimbilia duka la dawa anapewa vidonge au maji ya kuongeza hamu ya kula, na uji unaongezwa siagi na sukari. Wataalamu wameshaona kwamba mtoto anayeanza kujaa tena mapema, kabla ya miaka 5, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa mnene ukubwani. Tunamharakisha mtoto kutoka kwenye kipindi ambacho mwili wake ulikuwa unafanya kazi yake sawasawa. Nukta kwenye kadi ndo ingetuambia tofauti ya kukonda kwa ugonjwa na kurefuka kwa umri, lakini wengi wanaacha kwenda kliniki chanjo zikiisha.

Udhaifu mwingine wa BMI ni kwamba haijui uzito umekaa wapi. Kijana wa soko la samaki la Mwaloni anayebeba makreti ya dagaa ana misuli, atatoka na namba kubwa na ni mzima, mwingine ana namba ya kawaida lakini mafuta yote yamejazana tumboni. Na mafuta ya tumboni, yale ya ndani yanayozunguka ini na utumbo, ndo yanayohusiana zaidi na presha, sukari na ini kujaa mafuta. Januari 2025 jopo la wataalamu wa nchi nyingi lilichapisha kwenye jarida la Lancet Diabetes & Endocrinology pendekezo kwamba mtu asiambiwe ana ugonjwa wa unene kwa BMI peke yake, angalau kipimo kingine cha mwili kiongezwe, kama mzunguko wa kiuno. Kwa mahesabu haya ndo naileta kamba.

Chukua kamba isiyovutika, uzi wa katani au ile ya kufungia magunia. Mtoto asimame ukutani bila viatu, kata kamba sawasawa na urefu wake kutoka utosini mpaka sakafuni. Ikunje mara mbili. Izungushe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, juu ya ngozi, mtoto akiwa ametoa pumzi kawaida, asivute tumbo ndani. Ncha zikikutana au zikipishana, kiuno chake hakijazidi nusu ya urefu wake. Zikishindwa kukutana, kimezidi. Umemaliza. Hakuna jedwali wala betri, huhitaji kujua mvulana au msichana, na tofauti na BMI mpaka ni ule ule kuanzia miaka 5 na kuendelea. Waingereza kwenye mwongozo wao wa mwaka 2022 ndo wanavyoshauri, kiuno kikae chini ya nusu ya urefu, kuanzia 0.5 hatari imeongezeka, 0.6 ni kubwa. Mpwa wangu nusu yake ilikuwa 64 na kiuno chake kilikuwa 69. Nilimpima chumbani kwake jioni ile ile ya kingatiba, mlango umefungwa, na alinishika bega muda wote kama vile anaenda kuchomwa sindano.

Lakini mtu wa ziwani akisoma hapo lazima aulize, na watoto wetu wenye matumbo? Swali zuri, na ndo sababu sitaki hii kamba iletwe kama ilivyo huko Ulaya halafu tuanze kutuma watoto nyumbani na karatasi. Hapa kwetu tumbo kubwa lina maana nyingi. Kichocho cha tumbo kikikaa muda mrefu kinavimbisha ini na bandama, na mwisho wake tumbo linaweza kujaa maji, mtoto ana mikono kama fito na tumbo limetangulia mbele. Malaria ya mara kwa mara inakuza bandama. Minyoo nayo ipo. Mtoto mwenye kwashiorkor anavimba, hata mzani unadanganya kwa sababu kilo zingine ni maji. Kamba ikizungushwa kwa watoto wote hao itasema kimezidi, na mafuta hayapo. Halafu kuna aliyedumaa, huyu urefu wake uliibiwa akiwa mdogo, nusu ya urefu mfupi ni kamba fupi, kwa hiyo atashindwa haraka zaidi. Huyu hata hivyo simpuuzii, maana mtoto aliyekosa chakula tumboni mwa mama na miaka 2 ya mwanzo halafu akaja kunenepa haraka baadae ni kati ya wale wanaoonekana kuwa kwenye hatari zaidi ya sukari na presha ukubwani. Njaa ya mwanzo na shibe ya baadae zinaweza kukaa kwenye mwili mmoja, na Mwanza hii yenye watu wanaohamia kila siku kutoka Sengerema, Misungwi, Ukerewe na kwingine, miili ya namna hiyo haiwezi kuwa michache.

Kwa hiyo kamba inauliza swali, jibu liko kwenye mkono wa mtaalamu. Mkono wa juu umejaa au umekonda? Ini na bandama vinagusika? Miguu ukiibonyeza inabaki shimo? Shingo ikoje? Hayo ni maswali manne, mhudumu wa afya aliyefundishwa anayamaliza ndani ya dakika mbili. Aliyeshindwa kamba na mkono umekonda anaelekezwa upande wa kichocho na lishe, aliyeshindwa kamba na mkono umejaa anaelekezwa kupimwa presha. Foleni moja, na hata yule mwenye kichocho kilichojificha ananufaika.

Sasa hofu yangu kubwa haiko kwenye kipimo, iko kwenye kinachofuata. Wenzetu wametangulia na tunaweza kujifunza kwao bure. Arkansas, Marekani, walipitisha sheria mwaka 2003 shule zipime watoto na kutuma ripoti za BMI nyumbani. Uingereza tangu mwaka wa masomo 2005/06 wanapima watoto wanapoanza shule na tena wakiwa na miaka 10 hadi 11. California wakaamua kufanya utafiti wenyewe, shule 79, wanafunzi zaidi ya 28,000, wengine wazazi wao wanatumiwa ripoti na wengine hawatumiwi, matokeo yakatoka mwaka 2021: uzito wa watoto haukubadilika kwa sababu ya ripoti, na waliopimwa shuleni wakawa hawaridhiki zaidi na miili yao. Yaani barua peke yake haiponyi mtu. Kumwambia mzazi mwanao ni mnene bila kumwambia aende wapi, apimwe nini na nani, na nyumbani waanze na kipi, ni kumkabidhi aibu tu, na aibu hiyo inaishia kwa mtoto.

Na sisi tuna aibu ambazo wao hawana. Kwetu mtoto mnene anapewa jina mbele ya watu, Bonge, Kibonge, Tipwatipwa, na tunalichukulia kama utani wa mapenzi, hata mwalimu analitumia akimwita ajibu swali. Mpwa wangu siku mbili baada ya ile fimbo alisema tumbo linamuuma asiende shule, wiki ile alikosa mara mbili. Nikimfikiria kwamba ningeleta zoezi la kamba pale pale hadharani, mwalimu anapaza sauti "imezidi!", ni bora nisingeandika hata neno moja hapa. Kamba iwe ndani, ofisini au nyuma ya pazia, mtoto mmoja mmoja, anayepima asiseme kitu usoni wala mdomoni, namba iandikwe kwenye daftari ambalo haliko mezani, na anayeitwa ni mzazi, anaitwa kwa simu au uso kwa uso. Na wapimwe wote, wembamba kwa wanene, ukichagua wanene tu umeshawatangaza.

Upande wa hospitali nako kuna kazi. Sisi tulipoenda kupima presha, zahanati ya kwanza walikuwa na kitambaa cha mkono cha watu wazima peke yake, na hilo ni tatizo kwa sababu kitambaa kikiwa kipana kuliko mkono kinashusha namba, kikiwa chembamba kwa mkono mnene kinapandisha, kwa hiyo mtoto mnene anaweza kukosewa pande zote mbili. Nesi mwenyewe alituambia mama, hii siiamini, nendeni kituo cha afya, na namshukuru kwa ukweli ule. Kule walikuwa nacho cha saizi yake. Wakamuuliza anakoroma usiku? Anashtuka kama anakosa hewa? Goti au nyonga inauma akitembea? Kuna mwenye sukari kwenye ukoo? Ukifika miaka 10 kwa mtoto mwenye unene uliozidi wanaangalia na sukari, mafuta kwenye damu na ini. Kwa sababu ya ile shingo yake wa kwetu walimpima sukari hapo hapo, wakasema haijapita kiwango. Presha ilikuwa juu kidogo, wakasema turudi mara mbili zaidi kabla hawajasema chochote, kwa sababu presha ya siku moja kwa mtoto aliyeogopa haihesabiki. Ukipiga hesabu ya vifaa vyote vilivyohitajika pale ni kitambaa kimoja cha mkono wa mtoto. Kama halmashauri inataka kuanza, ianzie hapo kabla ya kukata kamba hata moja.

Kuhusu chakula sitasema mengi, kila mtu anajua chipsi ni nini. Ila kitu kimoja kilimshangaza hata dada, soda ya mililita 350 ina sukari zaidi ya gramu 35, karibu vijiko 9 vya chai, na Shirika la Afya linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya 10 ya nguvu anayopata mtoto kwa siku, ambayo kwa wa miaka 8 inakuwa kama gramu 40 hivi. Chupa moja inakaribia kumaliza siku nzima, bado chai ya asubuhi na andazi. Mpwa wangu alikuwa anakunywa mbili, moja shuleni na moja kwa bibi yake mzaa baba ambaye hawezi kuona mjukuu anaingia nyumbani bila kumpa kitu baridi.

Na jambo lililompa dada nguvu ni pale daktari aliposema hatumkondeshi. Mtoto bado anakua, hatakiwi kushinda njaa wala kutafutiwa dawa, tukiweza kuzuia kilo zisiongezeke haraka halafu urefu ukaendelea, urefu wenyewe utafanya kazi. Alichukua kalamu akatuonyesha, huyu akibaki kwenye 33 na nusu mwakani akiwa na sentimita 134, BMI inashuka mpaka 18.7 bila kupungua hata gramu, na kwa mvulana wa miaka 9 mstari wa kiribatumbo uko 20.5, atakuwa ametoka. Kwa hiyo nyumba nzima soda ikahamia Jumapili, kwa wote, hata shemeji. Bibi ilibidi niende mimi mwenyewe kumuona, nikakaa naye nusu siku, nikamwambia mama, hatumnyimi mjukuu, tunamlinda shingo na mishipa, akanyamaza sana halafu akaniuliza kama maji ya ndimu yanaruhusiwa. Jioni mtoto anatembea na baba yake mpaka mwaloni kununua mboga, sato au dagaa, badala ya kutuma bodaboda, na kupanda kule kurudi mawe ni mengi.

Kamba ya kwanza dada aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumbani. Mwezi uliopita kingatiba imepita tena, fimbo ikasoma 134, vidonge vile vile viwili, na jioni nikaenda na kamba mpya. Kiuno 66, nusu ya urefu 67. Ncha zimegusana kwa shida, lakini zimegusana. Yeye hiyo hakuijali sana, alichukua ile ya zamani msumarini, akaikanyaga ncha moja kwa kidole gumba cha mguu, akaivuta juu ikaishia kwenye paji la uso, akaanza kuita nyumba nzima waje waone.

"Mamdogo, hii imekuwa fupi!"